Kabla Hujasema Maziwa Yamekauka

Kuna maneno mawili ambayo akina mama wa Mantapala, makazi yetu ya wakimbizi hapa Zambia, huyasema mara nyingi kuliko malalamiko ya mgao na kuliko homa ya usiku: "Maziwa yamekauka." Huyasema binti mwenye mtoto wa kwanza wa wiki tatu, na huyasema pia mama aliyekwisha kulea wengine wakakua. Yakishasemwa tu, mikono ya watu inaanza kazi. Bibi anakoroga uji mwepesi wa muhogo. Jirani analeta maji yenye sukari. Mume anahesabu kwacha zake aone kama zinafika bei ya kopo la maziwa ya unga huko mjini Kashikishi. Kila mmoja anatenda kwa upendo, lakini kila mmoja anamsogeza mtoto hatua moja mbali na ziwa la mama yake. Nayaandika haya kwa ajili ya saa hiyo, kabla kijiko hakijafika mdomoni.

Ninachoamini nakisema mapema. Wengi wa wanaosema maziwa yamekauka, maziwa yao hayajakauka. Yamechelewa kushuka, au mtoto hajashika ziwa vizuri, au mtoto analia kwa sababu nyingine na watu wazima wakaamua kuwa ni njaa. Hata pale yanapokuwa yamepungua kweli, dawa ya kwanza ni mtoto mwenyewe. Ziwa si debe la maji, kwamba ukichota sana litaisha mapema. Mwili wa mama hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa: mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni ya prolaktini, nayo huliamuru ziwa litengeneze mengine. Ziwa likiachwa limejaa muda mrefu, lenyewe hujipunguzia kazi. Kwa hiyo mama anayempa mtoto uji ili "maziwa yapumzike" anapoteza yale aliyokuwa akiyahitaji. Mtoto aliyeshiba uji hanyonyi sana, asiponyonya sana maziwa yanapungua, na baada ya wiki mbili maneno yale ya uongo yamekuwa kweli.

Historia ya mahali hapa inaeleza kwa nini hofu hii ina nguvu sana. Tangu mwisho wa Agosti 2017 watu walianza kuvuka mpaka kwa wingi kutoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika ya Kongo, wakikimbia wanamgambo na mapigano. Wakapokewa kwenye kituo cha mpito cha Kenani, na kuanzia Januari 2018 wakaletwa Mantapala, katika msitu wa wilaya ya Nchelenge, kufyeka na kujenga. Wanawake walinyonyesha njiani, walinyonyesha wakiwa na njaa, na wengine walijifungua kabla hawajajua watalala wapi. Wapo pia bibi waliopitia haya kabla yetu, wale ambao vita vya miaka ya 1998 hadi 2000 viliwafikisha kwenye kambi za Kala na Mwange, wakakaa huko miaka mingi kabla ya kambi hizo kufungwa mwaka 2010. Mtu akitaka kujua kama mwanamke anaweza kumkuza mtoto kwa ziwa akiwa mkimbizi, ushahidi ni wale watu wazima waliokuwa mgongoni mwa mama zao Kala, na leo wana watoto wao.

Wanawake wengi wameambiwa kwamba maziwa ya mama aliyeogopa sana, au aliyefiwa, huharibika na kumdhuru mtoto. Mama aliyezika mume wake huambiwa akamue kwanza "maziwa ya msiba" ayamwage. Hayaharibiki. Huzuni haigeuki sumu ndani ya ziwa. Hofu na uchungu hufanya jambo jingine, na ni vizuri kulielewa kwa sababu lina tiba. Homoni ya pili, oksitosini, ndiyo inayosukuma maziwa yaliyokwisha tengenezwa yatoke. Mama akishtuka, akiwa na maumivu au mawazo mazito, oksitosini hukawia. Maziwa yapo, ila hayashuki kwa haraka. Mtoto anavuta, hapati, anakasirika, analia. Mama anaposikia kilio hicho anazidi kuogopa, na maziwa yanazidi kukawia.

Basi mama wa namna hiyo msaidieni hivi. Akae mahali penye kivuli, mgongo umeegemea kitu, asiwe katikati ya watu wanaomwuliza maswali. Apewe kitu cha kunywa. Mtoto avuliwe nguo, abaki na nepi, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kitenge kiwafunike wote wawili. Mwanamke anayemwamini akae nyuma yake amsugue mgongo taratibu kandokando ya uti wa mgongo, kuanzia shingoni hadi chini ya mabega. Ziwa likandwe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Kisha mtoto anyonye, na akichoka upande mmoja apewe wa pili, na baada ya muda mfupi tena, mchana na usiku. Usiku hasa, maana prolaktini hutoka kwa wingi usiku. Nimeona akina mama waliokata tamaa wakirudia hali yao kwa njia hii ndani ya siku chache, bila kidonge wala mzizi.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Mama wa kwanza akisikia idadi hiyo hudhani mtoto wake ana kasoro. Hana. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng'enywa upesi. Zipo pia siku ambazo mtoto anakua kwa kasi na kutaka ziwa kila wakati, halafu zinapita. Na baada ya wiki kadhaa ziwa huwa laini, halijai tena kwa maumivu kama siku zile za mwanzo. Hapo ndipo wengi husema limekauka, kumbe limekwisha zoea kutengeneza kile kinachohitajika.

Kilio hakipimi wingi wa maziwa. Mtoto hulia kwa joto, kwa baridi, kwa gesi, kwa nepi iliyolowa, kwa kutaka kubebwa. Tazama mkojo. Baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayenyonya tu, asiyepewa maji wala kitu kingine, akikojoa mara sita au zaidi kwa siku na mkojo ukawa mweupe usio na harufu kali, maziwa yanamtosha. Tazama na uzito. Katika siku za kwanza mtoto hupungua kidogo, kisha anatakiwa awe amerudia uzito wa kuzaliwa akifikisha wiki mbili hivi, na baada ya hapo apande. Mizani ya kliniki ya watoto na ile kadi yake huamua ubishi kati ya mkwe na mama mkwe vizuri kuliko maneno. Nendeni wote wawili siku ya kupima.

Kama ziwa linauma, tazama mdomo wa mtoto kabla ya kulaumu ziwa. Anayeshika chuchu peke yake atamchubua mama na hatapata maziwa. Mlete mtoto kwenye ziwa badala ya kuinama kumpelekea. Tumbo lake liguse tumbo lako, kichwa na mwili viwe mstari mmoja. Gusa mdomo wake wa juu kwa chuchu, ungoje afungue kinywa wazi kama anayepiga miayo, ndipo umvute karibu ili achukue na sehemu kubwa ya ile ngozi nyeusi inayoizunguka chuchu. Kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini uwe umepinduka nje. Ukisikia maumivu makali baada ya mivuto ya kwanza, ingiza kidole kidogo pembeni ya mdomo wake umtoe, uanze upya. Chuchu iliyochanika paka maziwa yako ya mwisho, uache ikauke kwa hewa.

Ziwa likivimba kipande kikawa kigumu, chekundu na cha moto, endelea kunyonyesha upande huohuo au ukamue, kwani kuliacha limejaa ndiko kunakoleta usaha. Hapa nina onyo la mahali petu. Nchelenge ni moja ya wilaya zenye malaria nyingi kabisa Zambia, hata kila homa tunaiita malaria kabla ya kupima. Mama mwenye ziwa lililoambukizwa hupata homa na baridi vilevile, na akipimwa huenda malaria ikaonekana kwa sababu wengi wetu tunatembea nayo. Akipewa dawa ya malaria pekee, ziwa linaendelea kuoza. Kwa hiyo ukiwa na homa mwambie mhudumu kwamba unanyonyesha, na umwonyeshe ziwa lenyewe, usione haya. Malaria yenyewe haipiti kwenye maziwa, na dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini hutolewa kwa mama anayenyonyesha. Homa si sababu ya kumwondoa mtoto ziwani.

Narudi nyuma kidogo kwenye saa ya kuzaliwa, kwa sababu mengi huharibika hapo. Maziwa ya kwanza, dang'a, ni mazito, ya manjano na machache. Kwa wengi yanaonekana machafu, nayo hukamuliwa yakamwagwa huku mtoto akipewa maji ya uvuguvugu kungojea "maziwa meupe". Yale machache ndiyo yaliyojaa kinga ya mwili, na vijiko vichache vinamtosha mtoto wa siku moja. Mtoto awekwe ziwani ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Mkunga akishughulika na mambo mengine, ndugu aliyemsindikiza mzazi amkumbushe kwa adabu.

Halafu kuna suala la maji. Oktoba ikifika, kabla ya mvua, joto la huku linamchosha hata mtu mzima, na hakuna bibi anayevumilia kuona mjukuu akitoka jasho bila kumpa maji. Bibi, nakuheshimu, na nakuomba unisikilize. Karibu tisa ya kumi ya maziwa ya mama ni maji, safi, yaliyochujwa na mwili wa binti yako. Yale ya kisimani yamepita kwenye ndoo, kikombe na mikono. Mwambao wa Ziwa Mweru unakijua kipindupindu. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji hata siku ya jua kali. Mpe mama yake maji anywe, kikombe kila anaponyonyesha, na umwambie amnyonyeshe mtoto mara nyingi zaidi.

Na chakula cha mama je? Hapa lazima niseme kweli bila kulainisha. Mama mwenye njaa ya kawaida, aliyepungua kiasi, bado hutengeneza maziwa yanayomtosha mtoto, kwa sababu mwili huchota kutoka kwenye akiba yake. Kwa hiyo usimwambie mama "huna chakula, ndiyo maana huna maziwa." Maneno hayo ndiyo yanayomvunja. Lakini mwili unaochota bila kurudishiwa unaisha. Mwanamke anayenyonyesha anahitaji kula zaidi ya alivyokula kabla ya mimba, kiasi cha mlo mdogo wa ziada kila siku: kipande cha bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) iliyotiwa karanga, maharage, samaki, au viazi vitamu na matunda ya msimu. Mgao ukifika nyumbani, anayenyonyesha apakuliwe mwanzoni, si baada ya wanaume na wageni kumaliza. Wewe baba unayesoma haya, hilo liko mikononi mwako kuliko mikononi mwake. Na kuni na maji pia. Mama aliyetoka wodini juzi hana haja ya kubeba ndoo ya lita 20 ili kuthibitisha kwamba si mvivu.

Maziwa ya kopo nayachukia mahali hapa, na nitaeleza kwa nini ili nisionekane nasema kwa ushabiki. Mtoto asiyenyonya kabisa anahitaji takriban kilo 20 za maziwa ya unga katika miezi sita ya kwanza. Piga hesabu ya makopo, ukumbuke kibarua cha siku kinalipa nini. Familia nyingi hununua kopo la kwanza na la pili, kisha zinaanza kuongeza maji ili lifike mwisho wa wiki, na mtoto anakonda huku chupa ikionekana imejaa. Maji yenyewe yachemshwe kila mara, kwa kuni zipi? Mwaka 2006, huko Botswana, ambako serikali ilikuwa ikiwapa bure maziwa ya kopo akina mama wenye VVU, mvua kubwa zilichafua maji na ugonjwa wa kuhara ukaenea. Wengi sana wa watoto waliolazwa na kufa walikuwa wale wasionyonya. Hiyo ni nchi yenye hali bora kuliko yetu. Zambia ina kanuni tangu 2006 zinazodhibiti uuzaji na utangazaji wa maziwa haya, zikifuata mwongozo wa dunia uliopitishwa Geneva mwaka 1981. Ikitokea mtu mwema akaleta makopo na chupa kugawa kwa kila mama, msiyapokee kwa furaha. Waelekezeni kwa wahudumu wa afya. Wapo watoto wachache wanaoyahitaji kweli, na hao wanapaswa kufuatiliwa mmoja mmoja, wanyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa.

Sasa VVU, ambayo wengi wanainong'ona. Mama aliyepimwa akakutwa na virusi husikia ushauri wa kila namna: acha kunyonyesha kabisa, nyonyesha miezi mitatu, changanya na uji ili maziwa "yapungue nguvu". Ushauri huo wa mwisho ndio mbaya kuliko yote. Tangu 1999 watafiti wa Durban walionyesha kwamba mtoto anayechanganyiwa ziwa na vyakula vingine katika miezi ya mwanzo yuko hatarini zaidi kuliko anayenyonya tu. Na suala la kuachisha mapema limejibiwa hapahapa Zambia. Lusaka, kuanzia 2001, wanawake 958 wenye VVU walifuatiliwa. Nusu yao walishauriwa kuachisha ghafla mtoto akifika miezi minne, wengine waendelee. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: kuachisha ghafla hakukuongeza idadi ya watoto waliobaki hai bila virusi. Kwa watoto ambao tayari walikuwa na virusi, walioachishwa mapema walikufa zaidi. Hawakuwa tena na maambukizi ya kuepuka, na kuachishwa kuliwaondolea kinga ya ziwa.

Wanawake wale hawakuwa na dawa tulizo nazo leo. Tangu 2013 Zambia humwanzishia kila mjamzito na kila anayenyonyesha mwenye VVU dawa za kudumu. Mama anayezimeza kila siku bila kuruka, virusi vikashuka mwilini, hatari ya kumwambukiza mtoto kwa ziwa inakuwa ndogo sana. Shirika la Afya Duniani linasema anyonyeshe angalau miezi 12 na anaweza kufika miezi 24 au zaidi akiendelea na dawa. Mtoto naye hupewa dawa ya kinga baada ya kuzaliwa na kupimwa kwa ratiba ya kliniki. Ukihama, ukivuka ziwa kwenda kuona ndugu Kilwa au Pweto, beba dawa za siku zote utakazokuwa huko na siku za ziada, maana mashua hukawia. Na mume ajue. Mwanamke anayeficha vidonge ndani ya mfuko wa unga ataviruka, na anayeambukizwa ni mtoto wa wote wawili. Mwanamke aliyepimwa akakutwa salama naye apimwe tena wakati akinyonyesha, kwa sababu maambukizi mapya katika kipindi hicho hufanya virusi vijae mwilini kwa wingi na kupita kwa urahisi kwenye ziwa.

Kuna imani nyingine ambazo nitazipitia haraka. Wanasema baba akitembea nje, au wazazi wakikutana wakati mtoto ananyonya, mtoto anabemendwa, anakonda na kuhara. Uaminifu ni mzuri kwa sababu zake, na VVU ni mojawapo, lakini tendo la wazazi haliharibu maziwa. Mtoto anayekonda apelekwe kupimwa, sio wazazi wakae kulaumiana. Tone la maziwa likimdondokea mtoto wa kiume sehemu za siri halimfanyi kuwa hanithi. Matiti madogo hutoa maziwa kama makubwa. Mimba mpya haigeuzi maziwa kuwa sumu. Yanaweza kupungua na kubadilika ladha, lakini mtoto wa chini ya mwaka anayeachishwa siku ileile mama anapojigundua mjamzito ndiye tunayemwona baadaye amevimba miguu na nywele zimekuwa nyekundu. Daktari Cicely Williams, aliyeuandika ugonjwa huo Gold Coast (Ghana ya leo) mwaka 1933, alichukua jina lake, kwashiakori, kutoka kwa Waga wa huko, waliouita ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa na mdogo wake.

Kwa hiyo mimba zipishane, na ziwa lenyewe husaidia, ila kwa masharti. Mtoto awe chini ya miezi sita, hedhi iwe haijarudi, na awe ananyonya tu, mchana na usiku. Masharti yote matatu yakitimia, wanawake 98 kati ya 100 hawashiki mimba. Sharti moja likivunjika, hata kama ni uji wa jioni peke yake, usitegemee tena njia hiyo. Nenda kliniki uchague nyingine.

Mama anayerudi kulima au kwenda sokoni ana njia mbili. Kama shamba liko karibu, mtoto aende naye, pamoja na mtu wa kumshika kivulini. Kunyonyesha mbele ya watu huku kwetu hakuna aibu, awe kwenye foleni ya mgao au kanisani, na nawasihi wasichana wasianze kuiona aibu hiyo ambayo mama zao hawakuwa nayo. Kama kazi iko mbali, akamue kabla ya kuondoka: mikono ioshwe kwa sabuni, kikombe kisafi, vidole viwekwe nyuma ya ile ngozi nyeusi, visukume kuelekea kifuani kisha vibane. Maziwa yafunikwe yakae mahali pa baridi. Kwa joto la huku yatumike ndani ya muda wa saa nne. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kilichoinamishwa mdomoni, alambe mwenyewe, usimmiminie.

Vipi kuhusu mtoto ambaye mama yake amefariki, au aliyekwisha achishwa kwa miezi? Ziwa linaweza kurudi. Mwanamke aliyewahi kunyonyesha, hata nkambo, yaani bibi, ambaye mtoto wake wa mwisho ameshakua, anaweza kutoa maziwa tena iwapo mtoto atanyonya mara nyingi, na kwa wiki za mwanzo apewe maziwa mengine kidogo kwa mrija mwembamba uliowekwa kando ya chuchu, ili avute asikate tamaa. Kazi hii isimamiwe na mhudumu wa afya. Anayejitolea kumnyonyesha mtoto wa mwenzake apime VVU kwanza. Vikundi vya uzazi salama vya vijijini, SMAG, viko kwa ajili ya mambo kama haya. Mtafute mama wa kikundi aliye jirani nawe kabla ya kumtafuta mganga.

Mtoto akikataa ziwa kabisa, akawa mlegevu, akapata degedege, akapumua kwa haraka mbavu zikiingia ndani, akawa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, asisubiri asubuhi. Kituo cha afya kitaamua kama apelekwe hospitali ya St. Paul's, Kashikishi. Njiani aendelee kupewa ziwa akiweza kumeza.

Akifikisha miezi sita, ziwa peke yake halimtoshi tena, na hapa tunaanguka upande wa pili. Wale waliompa uji akiwa na miezi miwili ndio haohao wanaompa uji wa muhogo mtupu hadi ana mwaka. Muhogo unashibisha bila kujenga mwili. Uji uwe mzito, usimwagike kijikoni, na uwe na kitu ndani: karanga zilizotwangwa, maharage yaliyopondwa, yai, kijiko cha mafuta, majani ya maboga yaliyokatwa laini. Bora kuliko vyote kwa sisi tunaokaa karibu na Mweru ni chisense, wale samaki wadogo wa ziwani. Chagua waliokauka vizuri wasio na mchanga, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike, watwange na vichwa vyao, chekecha, weka unga huo kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Kijiko kimoja ndani ya bakuli la uji kinatosha kubadilisha mlo. Ziwa liendelee mpaka miaka miwili au zaidi, na likiachishwa lipunguzwe taratibu, mlo mmoja baada ya mwingine, pasipo pilipili wala shubiri kwenye chuchu, pasipo kumpeleka kwa bibi ghafla akapoteza ziwa na mama siku moja.

Na baba apange mapema jambo moja. Desemba mosi uvuvi hufungwa hadi mwisho wa Februari, bei ya samaki inapanda, na miezi hiyohiyo ndiyo ya mvua, ya malaria, na ya kungoja mavuno. Chisense wa mtoto wanunuliwe Novemba, watwangwe, wafungwe, na wasiguswe kwa mboga ya watu wazima.